Sura ya Sita: Mtani Asiyejua Kutukana

Inspekta Urbain Mwepu hakuwa na tabia ya kufukuza watu anapokwenda kuhoji. Wenzake wa polisi ya Jadotville, wakifika kwa mtu mwenye shida, kitu cha kwanza walichofanya ni kusafisha uwanja: majirani nje, watoto nje, hata kuku nje. Urbain alifanya kinyume. Aliomba kiti, akaomba maji, akauliza nani hajafika. Mtu akihojiwa peke yake husema anachotaka. Akihojiwa mbele ya shangazi watatu na jirani mwenye kinyongo, hamalizi uongo mmoja kabla hajakatizwa.

Kwa hiyo Jumatano ile, baridi ya Juni ikiwa bado imelalia mabati ya mtaa wa Kikula, aliingia kwa Nkambo Émérence akaikuta nyumba imejaa, naye akafurahi. Alitoa kijitabu chake, akaandika saa, mbili kasoro robo, kisha akaandika majina ya wote waliokuwepo. Walikuwa kumi na mmoja. Alifanya hivyo kila mara, na wenzake walimcheka kila mara.

Nkambo, kama Kikula nzima inavyowaita mabibi wa umri wake, alikuwa amekaa juu ya sanduku la mbao, mgongo umenyooka, ufunguo wa nyumba ukining'inia shingoni kwa kamba. Miaka thelathini aliuza samaki wa kukaushwa kutoka Kapolowe. Nyumba ile aliijenga kwa samaki, na tangu amzike mumewe hakuna aliyemwambia alale saa ngapi.

"Anza upya, Nkambo," Urbain alisema. "Usiruke kitu."

"Nianze mara ngapi? Weye iko na masikio mawili, yote mazima."

"Mara ya tatu ndiyo yenye utamu."

Watu wakacheka. Nkambo hakucheka.

"Juma tatu zimepita. Kijana amekuja, suti ya kijivu, kofia mkononi. Amesema yeye ni mutoto wa ukoo wa Chui, na minye ni wa Mbuzi, basi ni mtani wangu, nisimuogope. Amesema serikali mpya ya Katanga imetoa muhuri wa misalaba, na kitabu cha akiba kisicho na muhuri ule kitakufa mwisho wa mwezi, sawa na vile franga za zamani zilikufa. Nikaogopa. Franga za zamani niliziona zikifa kwa macho yangu. Nikamupa kitabu. Akatoa wino, nikaweka dole kwenye karatasi tatu. 'Ni za muhuri,' akasema. Juzi Jumatatu nimekwenda mjini kuuliza kitabu changu. Mzungu ananiambia nimekwisha kutoa franga mara mbili."

"Karatasi mbili," Urbain alisema. "Ya tatu?"

"Mzungu hajaiona."

Ilikuwa bado mikononi mwa mwizi, basi. Sheria ya Nyumba ya Akiba, benki iliyotoa kitabu kile, aliijua: asiyejua kuandika hutoa fedha kwa dole gumba, mara moja kwa juma. Karatasi mbili zilikuwa zimekula sehemu ndogo. Ile ya tatu, nafasi ya kiasi ikiwa wazi, ingeweza kula yote yaliyobaki.

"Nilimuambia!" Sauti ilitoka mlangoni. Zéphirin, mtoto wa dada yake Nkambo, fundi wa reli mwenye mabega ya kubeba mataruma, alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwaka mzima ninamuambia, kitabu kikae kwangu. Sasa Mzungu amesema hivi: Jumamosi wanafunga akaunti, na itafunguliwa tena kwa jina la mwanaume wa familia. Minye nitasaini. Nkambo atakuja kukaa chumba cha nyuma kwangu, atakula, atapumzika."

"Minye sijafa," alisema Nkambo.

"Nani amesema umekufa?"

"Chumba cha nyuma kwako hakina dirisha. Nikitaka chumvi nitaomba mukeo. Nikitaka kwenda Kapolowe nitakuomba weye, na weye utasema, 'Juu ya nini, Nkambo?' Inspekta, usiniangalie kwa huruma. Mukifunga kitabu changu, munanizika. Mukimukamata muntu yule mbele ya Jumamosi, ninabaki na mulango wangu. Na tena ninamutaka yeye. Franga zirudi, vizuri. Lakini ninamutaka yeye mbele ya bantu, alie mpaka makamasi yaingie mdomoni."

"Ni hawa wageni tu wanaofanya hivi," Zéphirin alisema, na alikuwa tayari na jina la kabila mdomoni. Siku zile kila kilichopotea Jadotville kilikuwa na kabila kabla hakijawa na mwizi.

"Sijakuuliza kabila," Urbain alisema. "Nipe hiyo karatasi."

Zéphirin aliitoa polepole. Ilikuwa fomu ya usimamizi wa mali, imejazwa tayari, imebaki saini. Urbain aliisogeza kwenye mwanga.

"Muhuri wa komini, ofisi ya mtaa, ni wa Mei. Kitabu kimeibwa Juni. Uliandaa dawa kabla ya ugonjwa?"

Nyumba nzima ilivuta pumzi. Shangazi mmoja alisema, "Ee Bwana wangu," kwa furaha isiyofichika.

"Nimesema ni mwaka mzima ninamuomba!" Jasho lilikuwa limemtoka Zéphirin kwenye baridi ile. "Bote hapa banajua!"

"Nani hupeleka fedha zake mjini kila mwezi?"

"Minye."

"Nani alijua kitabu kinakaa wapi?"

"Minye. Lakini, Inspekta..."

Hakumaliza. Mlango ulisukumwa kwa mguu, akaingia mzee mwembamba mwenye kofia ya mgodi iliyotoboka, akapita katikati ya watu kama yuko kwake, akachukua kikombe cha chai mkononi mwa Nkambo, akakinywa mpaka chini.

"Mbuzi hii ingali hai?" alisema. "Nimesikia imeibiwa, nikasema itakufa kwa hasira, nikaja na chumvi. Kumbe nyama yenyewe imekauka, haina hata supu."

"Toka hapa, Mathieu, Chui usiye na meno!" Nkambo alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulilegea. "Mama yako alikuzaa kwa makosa, alifikiri ni tumbo la maharage."

Mzee Mathieu alifungua sufuria, akachukua kipande cha samaki, akakaa chini. Hakuna aliyeshangaa. Chui humla Mbuzi, kwa hiyo tangu mababu watu wa koo hizo mbili hutukanana, hunyang'anyana chakula, na mmoja akifa mwenzake ndiye humchimbia kaburi. Kukasirika hakuruhusiwi.

Kalamu ya Urbain ilikuwa imesimama. Alimtazama Mathieu akitafuna, akaitazama suruali yake chafu kwenye mkeka safi.

"Nkambo. Yule kijana wa suti, mtoto wa Chui. Alikula nini hapa?"

"Hakula. Nilimupa samaki, akasema asante, ameshiba."

"Alichukua nini bila kuomba?"

"Hakuna."

"Alikutukana vipi?"

Nkambo aligeuka kukitazama kigoda kilichokuwa ukutani. Watu walitazamana.

"Aliniita mama mukubwa," alisema taratibu. "Alivua kofia. Alikaa kwenye kile kigoda, magoti pamoja, kama padri mugeni. Nikasema, ni mambo ya mji hayo, shule imemuharibu."

"Chui anavua kofia mbele ya Mbuzi?" Mathieu alitema mwiba. "Hata maiti ya Chui haifanyi vile."

"Hakutania hata mara moja?" Urbain aliuliza.

"Mara moja." Nkambo alisogeza kamba ya ufunguo. "Wakati wa kuondoka. Aliuliza, 'Na dada Élise, hajambo?' Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikasema, haya, sasa ndiyo mtani! Nani mwingine anaweza kuniuliza vile?"

Hakuna aliyecheka sasa. Élise alikuwa binti yake wa pekee, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka sita, na sasa imepita miaka zaidi ya ishirini. Mtani ana ruhusa ya kutania hata kifo. Ruhusa hiyo ni yake peke yake.

"Naye alicheka?"

"Hapana." Sauti yake ilipungua. "Aliniangalia tu. Sawa na muntu aliyekanyaga kitu asichokijua."

Urbain alifunga kijitabu. "Hakuwa anatania, Nkambo. Alikuwa anauliza kweli."

Bibi yule aliufumba ufunguo mkononi.

"Minye nimemuchekea mutoto wangu," alisema, "mbele ya mwizi. Nimemuchekea. Mukamate, Inspekta. Usiniletee franga kama hauna yeye."

"Zéphirin, siku ya mazishi ya Élise ulikuwa wapi?"

"Nilibeba musalaba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

"Basi jipanguse jasho. Mwizi wetu anaamini Élise yu hai. Maana yake hajawahi kuongea na mtu hata mmoja wa Kikula, kwa sababu hapa hata mbwa wangemwambia. Mambo ya nyumba hii ameyasoma kwenye karatasi, na karatasi hiyo iliandikwa Élise akiwa hai, haikuguswa tena." Alisimama. "Nkambo, kitabu cha akiba ulikifungua lini?"

"Mwaka Élise amebatizwa. Marehemu mume wangu ndiye alijibu maswali yao yote."

"Na weye, Mathieu, maliza samaki huyo. Nitawahitaji wote wawili mjini, Nyumba ya Akiba, saa nne na nusu. Muingie kwa mlango wa nyuma."

Alipotoka aliandika saa tena. Tatu na nusu.

*

Meneja wa Nyumba ya Akiba alikuwa Mbelgiji mwenye shingo nyekundu ambaye hajaamua kama anabaki au anaondoka. Masanduku yake mawili yalikuwa yamesimama nyuma ya mlango wa ofisi, yamefungwa kamba.

"Naomba kadi za wateja," Urbain alimwambia. "Kumi. Wanawake wazee wa Kikula, hawa hapa majina."

"Kumi? Malalamiko ni ya bibi mmoja."

"Nikiomba moja, ofisi nzima itajua ni ipi."

Kadi zililetwa ndani ya sanduku la bati. Urbain alizisoma zote kumi kwa mwendo mmoja, bila kuharakisha, na ya saba aliishika kwa muda uleule alioishika ya sita. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya kutu. Dole la zambarau chini. Émérence. Kuzaliwa: Kapolowe. Ukoo: Mbuzi. Watoto: Élise, miaka minne, hai.

Alimwonyesha Meneja neno lile la mwisho kwa ncha ya kalamu.

"Sanduku hili linakaa kwa nani?"

"Dirisha la pili. Tangu mwaka jana, wenzangu walipokimbia, nimempandisha Étienne. Kijana safi. Misheni ilimchukua mchanga kabisa, amekulia bwenini. Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu."

Kwa hiyo alifundishwa kuvua kofia, Urbain aliwaza, na hakuna shangazi aliyemfundisha wakati wa kutoivua. "Jumatatu, bibi alipokuja kulalamika, Étienne alikuwa dirishani?"

Meneja alifikiri. Shingo ilizidi kuwa nyekundu. "Alikuwepo. Kisha tumbo likamuuma ghafla. Dirisha la pili lilifungwa mpaka bibi akaondoka."

"Tumbo lenye macho."

"Basi mkamate!"

"Kwa kosa gani? Kuumwa tumbo? Dole kwenye karatasi zile mbili ni la bibi kweli. Atasema bibi alikuja mwenyewe, na atamwita mzee aliyesahau. Watu wenye suti huaminiwa. Lakini ana karatasi ya tatu, na sasa anaogopa kuitumia, maana bibi amepiga kelele. Nikimpekua bila kuipata, ataichoma leo jioni. Nataka aitumie mwenyewe, leo, kwa mkono wake."

"Atathubutu vipi?"

"Kelele zikinyamaza."

*

Langoni mwa Nyumba ya Akiba palikuwa na ofisi nyingine, isiyo na dirisha wala sanduku la bati: beseni la vitumbua la Binti. Watu wake walitoka Maniema, waume zao madereva na wenye maduka, na yeye mwenyewe alijua nani anadaiwa, nani amehama kitanda na nani amevaa viatu vya ndugu yake.

"Binti, nina habari ya uongo."

"Ya kweli zimenijaa. Leta." Aligeuza kitumbua kwenye mafuta. "Lakini kwanza nunua. Polisi wanaokula bure wananiletea mikosi."

Urbain alinunua vitano, akala viwili, akaeleza kwa dakika moja. Binti alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Émérence wa samaki?" alisema. "Alinikopesha mtaji wa beseni hili. Nitalia machozi ya kweli, usinifundishe."

Saa tano kasoro, kama kila siku, aliingia ukumbini na sinia yake. Nyuma ya mlango wa Meneja, ulioachwa wazi kwa upana wa vidole viwili, walisimama watu wanne: Meneja, Inspekta, Nkambo Émérence na Mathieu.

"Étienne mwanangu," Binti alisema, na sauti ilikatika pahali pazuri, "chukua viwili, usilipe. Sina moyo wa kupokea chenji leo. Tumempoteza Nkambo Émérence."

"Nani?"

"Wa samaki, wa Kikula. Saa nne hii hii amekata roho. Uchungu wa kitabu chake ndio umemuua. Kilio kimeanza. Zéphirin anakuja saa nane kumwambia Mzungu wenu."

"Pole sana," karani alisema. "Pole, mama." Kisha akala vitumbua vyote viwili.

"Ni yeye," Nkambo alinong'ona mlangoni. "Shingo ile. Magoti yale."

"Maiti haisemi," Mathieu alimnong'oneza. "Nyamaza, mbuzi, unanuka samaki mpaka atatujua."

Walimwona Étienne akipangusa vidole kwa leso. Alitazama saa ya ukutani, akautazama mlango wa Meneja. Akaingiza mkono ndani ya koti, kwenye bitana, akatoa karatasi iliyolala bapa. Aliandika. Alipiga muhuri wa siku, mara moja, bila haraka. Alivuta droo, akaweka noti mpya za Katanga ndani ya bahasha, akaifunika kwa karatasi ya vitumbua.

Mkono wa Nkambo ulikuwa tayari juu ya kitasa. Urbain aliuzuia kwa kidole kimoja.

"Acha aandike kwenye rejista," alisema kwa midomo tu.

Étienne aliandika kwenye rejista.

Urbain ndipo alipotoka, taratibu, kama mtu aliyekuja kuuliza saa. Ukumbini kulikuwa na watu wapatao ishirini kwenye mstari, na mlangoni Binti alikuwa bado hajamaliza kupangusa sinia ambayo ilikuwa safi tangu zamani.

"Bwana karani, tunasikia Émérence wa Kikula amefariki. Tunafuata habari zake. Alifika hapa karibuni?"

Étienne alisimama kwa heshima. "Leo, Inspekta. Saa mbili, tulipofungua tu. Kumbe ilikuwa mara yake ya mwisho, maskini."

"Leo saa mbili?"

"Ndiyo. Imeandikwa hapa."

"Aliweka dole mbele yako?"

"Mbele yangu."

"Ulimwona kwa macho?"

"Kwa macho haya. Alikuwa amechoka kidogo. Nikamwambia, nenda ukapumzike, mama mkubwa."

Urbain alitoa kijitabu, akalowesha kidole, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti ya kusomea misa.

"Jumatano. Saa mbili kasoro robo hadi saa tatu na nusu. Nyumba ya Émérence, Kikula. Mwenyewe yupo, amekaa juu ya sanduku, anamtukana Inspekta. Waliokuwepo ni hawa." Akasoma majina yote kumi na moja, moja moja, na kila jina mtu kwenye mstari aliitikia, "Namjua," au "Huyo ni shemeji." Akafunga. "Wa kumi na mbili ni Chui mmoja anayekunywa chai ya watu."

Mlango wa Meneja ulifunguka.

Kwenye mstari mwanamke mmoja alipiga yowe. Étienne aliushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Nkambo Émérence alitembea moja kwa moja, viatu vikilia sakafuni, mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa karani, katikati pakiwa na vyuma vya dirisha tu.

"Mama mkubwa..." Étienne alisema.

"Niulize."

"Nini, mama?"

"Niulize tena habari za Élise."

Étienne alimtazama Inspekta, akamtazama Meneja. Hakuwa anajua hata sasa. Ndicho kilichowaudhi watu zaidi; mstari ulianza kuguna.

"Amekufa, mpumbavu wewe," Mathieu alisema nyuma. "Ana miaka zaidi ya ishirini ardhini. Mimi ndiye nilimchimbia, kwa sababu mimi ni Chui. Weye ni nani?"

Kijana alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kilio, cha kweli, chenye makamasi, na mikono ilikuwa imeganda kwenye vyuma hata hakuweza kujipangusa. Nkambo aliangalia mpaka mwisho. Hakuharakisha.

Bahasha ilikuwa chini ya karatasi ya vitumbua. Kitabu cha akiba kilikuwa kwenye bitana ya koti, kimejikunja kufuata umbo la kifua chake.

*

"Vizuri," Meneja alisema ofisini. Alikuwa ameketi juu ya moja ya masanduku yake. "Fedha za zile karatasi mbili Nyumba itazirudisha. Sasa tuzuie lisitokee tena. Zéphirin asaini, kitabu kikae kwake."

Zéphirin, aliyekuja mbio kutoka kituo cha reli baada ya kusikia kwa watu watatu kwamba Nkambo amekufa na kwa wawili kwamba amefufuka, alinyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Weka chini," Nkambo alisema.

"Nkambo, umeibiwa!"

"Nimeibiwa na karani wa Mzungu, kwa kadi ya Mzungu. Adhabu niilipe minye?" Alimgeukia Meneja. "Andika hivi. Kitabu ni changu, kinakaa kwangu. Franga hazitoki mpaka nikae mwenyewe kwenye kiti, mbele ya dirisha, na kando yangu akae huyu." Alimwonyesha Mathieu, aliyekuwa anachunguza wino wa Meneja kama unaweza kuibwa.

"Ana haki gani juu ya fedha zako?"

"Hana hata moja. Ndiyo sababu namutaka. Zéphirin ananipenda, atanikataza. Muntu mwingine ataniheshimu, atanyamaza. Huyu hawezi kunikataza na hajui kunyamaza. Nikidanganywa atanicheka mbele ya mji mzima, na kila mudanganyifu atapita kwanza mdomoni mwake."

"Na nitakunywa chai yake kila safari," Mathieu alisema. "Andika na hiyo."

Meneja alimtazama Urbain. Urbain alikuwa anatazama dari.

Meneja akaandika.

"Na minye?" Zéphirin aliuliza, sauti imekuwa ndogo kuliko mabega yake.

"Weye lete mukate Jumapili. Na ile karatasi yako, washia moto."

*

Kutoka mjini hadi gereza la Buluo kuna barabara ya lami. Kanuni za polisi, Urbain alizijua zote, hazisemi mahali popote kwamba mfungwa lazima apite barabara hiyo. Alimpitisha Étienne Kikula, mchana kweupe, kwa miguu, pingu mikononi, suti ya kijivu, na nyuma yao Binti akiwa na sinia na nusu ya soko. Kwenye kizuizi cha jandarmu wa Katanga askari waliuliza kuna nini. Walipoelezwa, wawili wakajiunga.

Makaburi ya zamani yalikuwa nyuma ya kanisa. Kaburi la Élise lilikuwa dogo, msalaba wa chuma, majani makavu ya kiangazi yamelifunika.

Urbain alifungua pingu.

"Alisema ni mtani wangu," Nkambo aliwaambia watu, bila kupaza sauti. "Kazi ya mtani munaijua. Basi afanye."

Étienne alipiga magoti. Walimkatalia jembe. Aling'oa majani kwa mikono, na mikono ya karani ni laini. Majani ya Juni hukata. Mathieu alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Mizizi, wewe nyani wa bweni! Mizizi! Unamnyoa nywele? Chui anachimba, hapapasi. Kwenu walikufundisha kunawa tu?"

Watu walicheka kila tusi. Vidole vilipoanza kutoa damu walicheka zaidi. Kitambaa cha goti kilipasuka. Hakuna aliyesema inatosha, na Inspekta alikuwa anajaza kiko chake kwa utaratibu mkubwa, mgongo ameugeuza.

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa mitambo wakati mchanga ulipokuwa mtupu, umesawazishwa kwa viganja, msalaba umesafishwa kwa leso ileile ya vitumbua.

"Nimemaliza, mama," Étienne alisema.

"Bado. Uliniuliza habari zake. Minye nilijibu kwa kicheko, na haikuwa haki yako kukisikia. Muulize mwenyewe."

Alitazama juu, uso umechafuka udongo na chumvi.

"Muulize."

"Dada Élise," alisema kwa sauti iliyokatika, akiuinamia ule udongo, "hujambo?"

Mathieu alivua kofia yake iliyotoboka. Nyuma yao, safari hii, hakuna aliyecheka. Nkambo alisubiri kwa muda ambao jibu lingechukua kufika. Kisha akaingiza kitabu chake ndani ya kitambaa cha kifuani, akaufunga ufunguo juu yake kwa mafundo mawili, akamgeukia Inspekta.

"Mupeleke," alisema. "Minye nakwenda kufungua mulango wangu."